Kuonyesha skrini ya Linux kwa wenzako bila kufungua poti 5900

Ndugu, umeuliza kama ufungue poti 5900 (mlango wa kawaida wa VNC) kwenye ruta ili wenzako watatu waone skrini yako kwa VNC, yaani mfumo wa kuonyesha skrini kupitia mtandao. Tafadhali usifanye hivyo. VNC ya kawaida haifichi picha wala unachoandika, na nenosiri lake huishia herufi 8. Zinazozidi hupuuzwa tu.

Ipitishe ndani ya SSH, njia ya kuunganisha kompyuta kwa usiri. Kwenye kompyuta yako tumia x11vnc, programu inayotoa skrini kwa VNC: weka nenosiri kwa x11vnc -storepasswd, kisha:

x11vnc -display :0 -localhost -usepw -viewonly -shared -forever

Hapo -localhost ndiyo kinga yenyewe: anayetoka nje hapati kitu. -viewonly inawaachia kutazama tu. Ukisahau -forever, programu inajizima watazamaji waliopo wakishatoka wote, na wengi hudhani mtandao umekatika.

Kila mwenzako aandike:

ssh -N -L 5901:localhost:5900 mgeni@anwani-yako

kisha afungue VNC kwenye localhost:5901. Kwenye ruta elekeza poti ya SSH pekee.

Akaunti ya mgeni isiwe yako. Ipe shell ya /usr/sbin/nologin (ili isiweze kuendesha amri), iingie kwa ufunguo wa SSH, na uzime PasswordAuthentication, yaani kuingia kwa nenosiri. Chini ya Match User mgeni kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, ongeza PermitOpen localhost:5900, la sivyo atafikia hata vifaa vingine vya mtandao wako. Jina lifanane kabisa: akiandika 127.0.0.1 badala ya localhost atakataliwa.

Skrini ikiwa nyeusi, huenda uko kwenye Wayland, mfumo wa kuchora skrini ambao x11vnc haiusomi. Toka, uingie upya kwa Xorg, mfumo wa zamani, kama Linux yako bado inao.