Mama anasahau sufuria motoni

Swali: Shikamoo dada. Tuko Mikindani. Mama yangu ana miaka 71. Tangu meno yalipomtoka hagusi samaki; ni uji wa muhogo na chai ya rangi, mwaka wa pili huu. Sasa anasahau sufuria motoni, tena amekuwa mnyonge. Ni uzee tu?

Jibu: Marahaba. Usikimbilie uzee. Muhogo hauna vitamini B12, na ikikosekana muda mrefu kumbukumbu hufifia, moyo nao huwa mzito. Iko kwenye samaki, mayai, nyama na maziwa. Mpeleke akapimwe damu. Kama anameza metformini ya kisukari, mwambie daktari, maana nayo huweza kupunguza B12. Nyumbani twanga dagaa wakavu, uchanganye kwenye mchuzi wa nazi. Marehemu bibi yangu wa Lindi, kibogoyo kabisa, alikula hivyo na bado akadai chumvi. Chumvi alinyimwa.