Kabla hujalipia mfumo wa data za soko, upime kwa hisa unazozijua

Mimi ni mchambuzi wa uwekezaji hapa Dar, hela tunazosimamia ni za watu za uzeeni, na kila msimu wa bajeti ukifika swali ni lilelile, mwaka huu tunachukua mfumo gani.

Mfumo wa Bloomberg ni ghali, hilo kila mtu analijua, mtumiaji mmoja ni zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka na mkataba kwa kawaida ni wa miaka miwili. Lakini kama kazi yako ni hatifungani na sarafu aisee usihangaike kutafuta mbadala, bei zipo, madalali wapo humohumo mnaandikiana ujumbe. Unaandika SAFCOM KN, unabonyeza kitufe cha njano cha EQUITY halafu kile cha kijani cha GO, Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, hiyo hapo. Ukikwama unabonyeza HELP mara mbili unaongea na mtu kabisa.

Kwa sisi wa hisa tunaoishi ndani ya mahesabu ya makampuni, mfumo wa Capital IQ naupenda kwa kitu kimoja, unabofya namba inakupeleka kwenye ripoti yenyewe ilikotoka. LSEG Workspace, ile iliyorithi mfumo wa zamani wa Eikon, iko katikati, na habari za Reuters unazipata humo. FactSet sijakaa nayo sana.

Sasa niwaambie kilichonipata. Kuna mfumo mmoja (siutaji) niliuamini nikavuta bei za hisa za benki ya Equity, soko la Nairobi, za miaka mingi nikapiga hesabu ya faida, chati ikaonyesha mwaka 2009 hisa imeporomoka asilimia 90 kwa siku moja. Haikuporomoka! Mwaka ule hisa 1 iligawanywa ikawa 10, mfumo haukurekebisha bei za nyuma. Ile niliiona kwa sababu nilikuwa najua historia ya hisa yenyewe, ingekuwa kampuni ya Poland au Vietnam ningepeleka kwenye kamati vilevile, na ni hela za wastaafu hizo, bado nikikumbuka roho inaniuma.

Kwa hiyo ukipewa wiki mbili za kujaribu bure usikubali muuzaji akuonyeshe Apple, Apple iko sawa kila mahali. Kaa na ripoti za mwaka mezani, chagua hisa tano za kwenu, mimi huwa naanza na Equity kwa sababu ya ule mgawanyo, halafu Safaricom maana mwaka wao wa fedha unaisha 31 Machi, kwa hiyo mwaka ulioishia Machi 2024 kuna mifumo inauita 2023 na mingine 2024, ukichanganya na benki ya KCB inayofunga Desemba ulinganisho wote unaharibika. Kisha benki zetu za CRDB na NMB naangalia gawio, mwaka kwa mwaka, shilingi kwa shilingi. Na uliza mapema unaruhusiwa kupakua data kiasi gani kwenda eksel kwa mwezi, na notisi ya kuvunja mkataba ni siku ngapi, hayo mawili yametuumiza kuliko bei.

Sisi mwisho tulichukua leseni moja ya Bloomberg ikakaa dawati la hatifungani, wa hisa tukabaki na mfumo wa bei nafuu, na lile faili langu la hisa tano nalifungua kila muuzaji mpya akija, kabla hata hajachomeka laptop yake.