Usitie Bawaba Kwenye Dirisha la Gari la Farasi

Wiki iliyopita seremala mmoja aliniandikia kwamba amepewa kazi ya gari la farasi la jukwaani, la mtindo wa Uingereza ya karne ya 18, akaniuliza madirisha yake ayatie bawaba za inchi ngapi. Swali hilo lilinitonesha kidonda, kwa kuwa miaka minne iliyopita nami nilitia bawaba, tena za shaba, nikajiona bingwa. Siku ya mazoezi mwigizaji alisukuma dirisha likambamiza mwenzake usoni, na kiongozi wa kikundi akasema mbele ya watu wote kwamba aliagiza gari akaletewa kabati.

Ndugu yangu, mlango wa gari lile ulikuwa mtupu katikati, kati ya ubao wa nje na wa ndani. Kioo kilitiwa katika fremu nyembamba iliyopanda na kushuka ndani ya uwazi huo, ikifuata mifereji iliyochongwa kwenye miimo. Mpini wa kuzungusha haukuwepo. Palikuwa na mkanda mpana uliofungwa chini ya fremu na kuning'inia upande wa abiria. Akitaka kufunga, aliuvuta hadi fremu ikapanda, kisha akaikalisha juu ya ukingo mwembamba wa mlango. Akitaka kufungua, aliinyanyua kidogo, akaivutia ndani na kuishusha polepole. Mkanda huohuo ulirithiwa na mabehewa ya treni ya Uingereza, ukawa wa ngozi wenye matundu.

Magari mengine yalikuwa na fremu ya pili katika mfereji wake, yenye vibao vya mlalo kama luva, ili abiria apate hewa bila kuonekana. Mapazia ya hariri nayo yalijiviringisha kwenye rola yenye springi.

Zamani zaidi madirisha yalizibwa kwa mapazia ya ngozi, na vioo vilipoingia London viliwaponza wakubwa. Samuel Pepys, ofisa wa serikali wa London, aliandika katika shajara yake, Septemba 1667, habari aliyosimuliwa ya Lady Peterborough, ambaye alitaka kumsalimu bibi aliyekuwa akipita, akadhani kioo kiko wazi kwa jinsi kilivyong'aa, akakivunja kwa kichwa na kujikata paji la uso. Nilifarijika sana kuisoma.

Kwa hiyo pima unene wa mlango kabla ya kukata ubao, na ukishapima, pima tena. Vika kingo za fremu kitambaa cha mahameli, maana bila hicho itagongagonga njia nzima. Sisi maseremala tunaotaka kuvuka kazi ya vitanda na makabati hatuna budi kuuliza kitu kilifanyaje kazi kabla ya kuuliza kinafananaje. Mimi sikuuliza, kwa kiburi tu.

Mwezi uliopita nilikabidhi gari la pili kwa kikundi kilekile. Yule kiongozi aliingia, akavuta mkanda, fremu ikapanda kimya. Hakuniomba radhi. Aliishusha, akaipandisha tena, mara tatu, kisha akaniuliza salio langu ni shilingi ngapi.