Muulize Anko wa Santuri: Baba alikuwa anasikia nini?

SWALI: Shikamoo anko. Marehemu baba kaniachia santuri zaidi ya thelathini, nyingi ni rock ya zamani, Led Zeppelin, Black Sabbath, Cream na wengine siwajui. Nimepata mashine nikazisikiliza wiki nzima ila mie naona kelele tu, gitaa linalia na jamaa anapiga mayowe. Baba alikuwa anafumba macho kabisa! Alikuwa anasikia nini?
Binti wa Morogoro

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana. Kwanza huyo anayepiga mayowe mwache kwanza. Wewe unatoka mji wa Mbaraka Mwinshehe, gitaa la solo utalisikia tu lenyewe, shida yako naona ni drams. Chukua ile Led Zeppelin ya 1971, jalada halina jina, lina babu kabeba mzigo wa kuni mgongoni. Geuza upande wa pili, wimbo wa mwisho, When the Levee Breaks, ni bluzi ya 1929 ya Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Anayepiga drams ni John Bonham. Walimweka chini ya ngazi kwenye jumba moja kuukuu Uingereza, Headley Grange, alafu maiki wakazining'iniza huko juu ngazini, yani unachosikia sio drams peke yake, unaisikia na nyumba! Sasa piga mguu wako chini na ile ngoma kubwa, snea, ile ngoma ndogo inayolia kwa ukali, ipige na kiganja kwenye paja, usikimbie maana Bonham mwenyewe hana haraka, nenda nae dakika zote saba. Ukimaliza weka sahani yao ya kwanza ya 1969, wimbo wa kwanza kabisa, usikilize ule mguu unavyodunda harakaharaka. Nilibisha kwamba jamaa ana pedali mbili za kupigia ngoma kubwa, nikalipa kreti nzima ya soda, kumbe ni moja tu. Alifariki Septemba 1980 na miaka 32, wenzake wakavunja bendi. Wengi wangetafuta mwingine wakaendelea kula hela.

Mwenye ngoma kubwa mbili, kila mguu na yake, ni Ginger Baker wa Cream, huyo alienda mpaka Lagos akapiga na Fela Kuti. Pekua vizuri lile rundo, ukikuta sahani ya Fela ya 1971 yenye jina la Baker usimuuzie mtu, hata akikupigia magoti.

SWALI: Anko mambo, mie ni fundi seremala Mwanza na napiga gitaa kanisani. Mwezi uliopita msumeno wa umeme umenikata ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kubania nyuzi. Ndo basi tena?
Fundi

JIBU: Sio basi kabisa. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ya kiwandani Birmingham ikamnyofoa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kushoto kwa hiyo ni mkono wa kubania kama wewe. Bosi wake akampelekea sahani ya mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye vidole vyake viwili viliharibika kwa moto na bado akapiga jazz ya kutisha. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji akajitengenezea vifuniko, juu akabandika ngozi, akafunga nyuzi nyembamba za banjo, baadae akazilegeza zaidi zisimuumize. Ule mngurumo mzito wa Sabbath unachangiwa na huko kulegeza.

Kwa hiyo subiri kidonda kifunge kabisa, muulize daktari, alafu nunua seti ya nyuzi nyembamba na ushushe tyuni nusu sauti. Mpiga kinanda wa kanisani lazima atanuna maana gitaa lako halitalingana na kinanda chake, mwambie mapema.