Kabla ya Kulipaka Rangi Kasha la Spika

Karibu kila anayeanza kazi ya kufufua makasha ya spika huuliza swali moja: nipake rangi au nibandike vinaili, ile karatasi ya plastiki yenye gundi nyuma? Mimi humrudisha nyuma kidogo. Kasha lenyewe limetengenezwa kwa nini, na juu yake limevikwa nini? Ukishajua hayo mawili, uchaguzi hautakusumbua.

Makasha mengi ya spika za nyumbani ni ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au chipibodi (ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi). Juu yake huwa kuna vinia, yaani ubao mwembamba wa mti halisi, au plastiki iliyochapwa picha ya mti. Kwa mbali vinafanana sana. Toa wufa, yaani spika kubwa ya besi, halafu ukwaruze kwa ncha ya kisu mahali panapofunikwa na ukingo wake, ambapo hapataonekana tena. Plastiki itajikunja na kuvutika. Vinia itakatika vinyuzi vinyuzi. Dalili nyingine ni michoro: ukiona fundo lilelile la mti limejirudia mahali pawili kwenye ubao mmoja, hiyo ni picha.

Ikiwa ni vinia halisi, nakusihi usikimbilie kopo la rangi. Unene wake mara nyingi haufiki hata milimita 1, na ukiupoteza haurudi. Isafishe, piga msasa laini kwa mkono ukifuata mistari ya mti, kisha ipake mafuta ya mbao. Mara nyingi kasha lililoonekana limekufa litarudi na rangi yake ya asili. Mashine ya msasa iweke mbali, kwa sababu kwenye kona itakula vinia yote ukiwa bado unafikiria. Kama mafuta hayo ya mbao ni ya kitani, vitambaa ulivyopakia usivirundike wala kuvitupa kwenye pipa vikiwa vimekunjwa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka moto lenyewe. Vitandaze nje mpaka vikauke. Na spika zenye historia, kama LS3/5A iliyobuniwa na BBC, ziache na sura yake ya mwanzo. Wanaozitafuta hulipia vinia ile ile na namba za jozi zilizoko nyuma.

Kasha lililovikwa plastiki iliyochubuka, au MDF iliyobanduliwa, hilo ndilo la kupaka au kubandika. Lakini kwanza toa kila kitu ndani.

Hapa ndipo spika nyingi huharibiwa, si kwenye rangi. Sumaku ya wufa ina nguvu ya kuivuta bisibisi ya chuma kutoka mkononi mwako, na ncha yake ikatoboa koni (uso wa spika unaotikisika) au mpira unaoizunguka. Kwa hiyo kiganja cha mkono wa pili kikae kati ya bisibisi na koni muda wote unapofungua skrubu. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, usiiguse kabisa usoni. Piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa, kisha uufunge karatasi yenye jina. Usiamini rangi za waya peke yake, wala usijaribu "kusahihisha" mpangilio unaoonekana umegeuzwa: krosova (saketi inayogawa sauti kwa kila spika) nyingine hugeuza waya wa twita au wa spika ya kati makusudi, ili sauti zao zikutane sawasawa. Picha yako ndiyo iwe mwongozo.

Spika ulizotoa zifungie kwenye mfuko, uziweke chumba kingine. Vumbi la msasa likiingia kwenye nafasi finyu ambamo koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) hucheza, utasikia mkwaruzo kila wufa inapopiga. Nyuzi za sufu ya chuma ni hatari zaidi, maana sumaku itazivuta na hazitoki. Sufu hiyo mimi siiruhusu kabisa karibu na kazi hii. Kama krosova imebaki ndani, ziba matundu yote ya kasha kwa maboksi na tepu.

Vaa barakoa nzuri ya vumbi, si kitambaa. Vumbi la MDF ni laini mno, limebeba gundi, na vumbi la mbao kwa ujumla limethibitishwa kusababisha saratani. Fanyia kazi nje au mahali penye hewa inayopita.

Sasa uso wa kasha. Futa kwanza kwa white spirit (kiyeyusho cha rangi ya mafuta), kwa sababu polishi za fanicha mara nyingi zina silikoni, na rangi juu ya silikoni hukimbia na kuacha vishimo vya duara. Ukipiga msasa kabla ya kufuta, unaisukuma silikoni ndani zaidi. Palipobonyea piga puti. Kwa kona iliyovunjika napendelea puti ya magari, kwa sababu huwa ngumu na haisinyai. Anza na msasa namba 120, nenda 180, maliza na 240. Zima taa ya dari, weka tochi ubavuni mwa kasha, mwanga utambae juu ya ubao. Kila bonde litaonyesha kivuli chake.

Kingo za MDF zinataka moyo wa subira. Uso wa ubao umeshindiliwa, lakini ukingo uliokatwa hunywa rangi kama sifongo, na unaponywa huvimba na kuwa na manyoya. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, paka ukingo, acha ukauke kabisa, kata manyoya kwa msasa, rudia. Rudia tena mpaka ukingo uteleze chini ya kidole sawa na uso. Hapo ndipo praima, yaani rangi ya msingi, iingie. Hata ukifanya vizuri, mahali ambapo mbao mbili zimeungana huweza kujichora kama mstari mwembamba baada ya wiki kadhaa, kwa sababu uso na ukingo hupokea unyevu tofauti. Rangi inayong'aa huutangaza mstari huo. Rangi isiyong'aa huuficha. Ndiyo sababu namshauri kila anayeanza apake rangi isiyong'aa kwenye jozi yake ya kwanza. Mng'ao wa piano ni kazi ya aliyekwisha kuzoea kunyoosha uso.

Rangi ya kupuliza ishike umbali wa sentimita 25 hadi 30. Anza kupuliza kabla hujafika kwenye kasha na uache ukiwa umeshalivuka, mkono usisimame katikati. Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwepesi kiasi kwamba praima bado inaonekana. Anayetaka kufunika mara moja ndiye rangi yake hutiririka. Jaribu mchanganyiko wote, praima, rangi na vanishi, nyuma ya kasha kwanza, kwani vanishi yenye tina (kiyeyusho) kali juu ya rangi ya aina nyingine huikunja ikawa makunyanzi. Siku ya mvua au unyevu mwingi iache ipite, maana vanishi hugeuka ukungu mweupe. Ukipiga msasa wa maji mwishoni, hakikisha maji hayafiki kwenye matundu ya skrubu. MDF ikinywa maji haitarudi ilivyokuwa.

Tena, rangi iliyokauka haijakomaa. Ukiigusa baada ya saa moja haishiki kidole, lakini ukifunga wufa siku hiyo, mpira wake wa kuzibia hewa utanata na utabandua rangi siku utakayoufungua. Ipe angalau wiki.

Vinaili haina harufu wala kusubiri, na kwa anayeishi mahali pasipo na uwanja wa kupulizia rangi ni neema. Lakini haifichi chochote: chembe moja ya mchanga chini yake itaonekana kama kipele. Isibandikwe juu ya MDF tupu, kwa sababu gundi yake itashika nyuzi za juu tu na kuachia pamoja nazo. Paka kwanza mkono mmoja au miwili ya rangi, uipe siku za kukomaa.

Kata kipande kimoja kirefu kizunguke juu na pembeni, maungio yakae chini ya kasha. Kama ina mistari ya mti, kata vipande vya makasha yote mawili kwa mwelekeo mmoja kabla hujabandua chochote. Bandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi iliyovikwa kitambaa. Kwenye kona tumia joto la drayer ya nywele, ila usiivute sana: vinaili iliyovutwa hukumbuka ilikotoka, na baada ya siku chache hurudi nyuma na kuacha ukingo wazi. Matundu ya spika kata mwisho, kwa wembe mpya, ukiacha vinaili iishie chini ya ukingo wa spika bila kukunjwa ndani ya mfereji wake, yaani kingo iliyochongwa kuzunguka tundu ambamo spika hukaa.

Mfereji huo ndio unaogusa sauti. Rangi au vinaili ya sehemu ya milimita haibadilishi chochote unachokisikia, lakini spika isiyokaa sawa kwenye nafasi yake huvujisha hewa, na besi huondoka. Kwa hiyo ziba mfereji kwa tepu unapopuliza, au ukwangue rangi iliyojikusanya humo. Rudisha pamba za ndani kama zilivyokuwa. Skrubu zungusha kwanza kinyumenyume mpaka uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze, taratibu, kwa mpangilio wa msalaba.

Kwa kasha lililozibwa pande zote, lisilo na tundu la hewa, sukuma koni ya wufa ndani polepole kwa vidole vilivyoenea, kisha iachie. Ikirudi kwa kusita, kasha halivuji. Ikiruka mara moja, fungua uangalie mpira wa kuzibia.