Taco za nyama kwenye chuma: adui yako ni maji

Mkuu, umeuliza kwa nini nyama yako ya taco, kile kichapati cha Kimeksiko kinachokunjwa na nyama ndani, inatoa maji mpaka inachemka juu ya kikaango cha chuma, na kwa nini vile vichapati vya mahindi vinapasuka ukivikunja. (Naandika taco kwa c makusudi. Nikiandika kwa k uzi utafungwa.) Yote mawili yamenipata.

Nimeishi Houston, Texas, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa wa Wameksiko. Mpishi wa zamu ya jioni, mama mmoja wa Monterrey, alinifundisha bila kukusudia, maana sinki langu lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye chuma chake. Nyama haikugusa moto kabla hajaifuta kwa karatasi mpaka ikakauka kabisa. Nikadhani ni usafi tu.

Nilipojaribu kwangu, nililoweka nyama kwenye ndimu na kitunguu saumu usiku kucha, nikaitoa inachuruzika, nikamwaga kilo nzima kwa mkupuo. Chuma kikapoa, maji yakatanda, nikaishia kula nyama ya kijivu, imelegea kwa nje kama imeshatafunwa. Maji hayavuki nyuzijoto 100, na nyama haianzi kupata ile rangi ya kahawia na harufu yake mpaka uso ufike kama 140. Maadamu kuna maji, unachemsha. Ndimu nayo ikikaa muda mrefu inaharibu nyama kabla haijaona moto.

Siku hizi natia chumvi jioni, naiacha kwenye friji bila kuifunika, kesho yake uso umekauka. Ndimu tunakamulia mezani. Chuma cha kusubu, kile kizito cheusi, nakipasha kwa moto wa wastani dakika kumi. Ukikiwashia moto mkali ghafla, katikati panaungua na pembeni bado baridi, kwa sababu hakisambazi joto upesi. Nadondosha tone la maji: likijiviringa kama gololi na kukimbia, tayari. Mafuta napaka kwenye nyama, kidogo. Vipande viwili viwili, kama dakika mbili kila upande kwa nyama ya unene wa sentimita moja, na usiiguseguse. Ikishaungua vizuri inajibandua yenyewe. Fungua madirisha! Mimi kengele ya moshi ilitutoa nje jengo zima usiku wa Januari, na nilikuwa na kandambili.

Kule Texas wanapenda ule ukanda mwembamba wa misuli unaotenganisha kifua na tumbo la ng'ombe. Wanauita fajita, neno lililotokana na faja, yaani mshipi kwa Kihispania, na zamani vibarua wa kwenye ranchi za kusini walikuwa wanapewa ukanda huo pamoja na vichwa na matumbo kama sehemu ya ujira. Bucha zetu ukisema steki unapata tu nyama isiyo na mfupa, ya popote. Omba sarara, au kama mfuko haujakaa vizuri chukua steki ya kawaida uikate nyembamba. Ikishaiva iache dakika tano, halafu angalia nyuzi zinaelekea wapi na ukate kuzikatiza. Hapa ndipo wengi wanalaumu ng'ombe bure.

Vichapati: nina hakika umetumia sembe. Haitakubali. Wameksiko wanachemsha mahindi na chokaa, wanayaacha yalale humo, wanayaosha maganda yatoke, ndipo wanasaga. Chokaa ndiyo inayofanya donge lishikane. Kama huupati unga huo, usihangaike, kanda ngano. Kaskazini ya Meksiko, Sonora na huko kwa kina mama wa Monterrey, taco ya nyama ya kuchoma inaliwa sana na chapati ya ngano. Fanya chapati zetu bila kuzikunja tabaka, nyembamba, uzichome kavu kwenye chuma hichohicho kabla ya nyama.

Juu weka kitunguu kibichi, majani ya giligilani, pilipili. Kachumbari ya nyanya iache kwenye bakuli, usiipikie kwenye chuma, maana uchachu unakwangua ule utando mweusi wa mafuta yaliyoungulia kwenye chuma, uliousotea miezi. Ukimaliza osha kwa maji moto, kikaushe juu ya jiko, paka mafuta kiasi cha kung'aa tu.

Tuma picha ya chuma chako, nina wasiwasi ni kile chepesi cha bati.