Je, Paulo alikosa imani alipowazuia mabaharia wasitoroke?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katika Matendo 27 Paulo ni mfungwa katika merikebu iliyopigwa na dhoruba, na malaika anamwahidi kwamba hakuna atakayepoteza maisha. Mbona baadaye anamwambia akida, mkuu wa askari, kuwa mabaharia wakitoroka, watu hawataokoka? Mhubiri wetu anasema hapo imani yake iliyumba, na kwamba mvuvi aliyeombewa hana haja ya jaketi la kuokolea maisha. *Msomaji, Ukerewe*

JIBU: Marahaba. Paulo hakuyumba hata kidogo. Ahadi ilikuwa kwamba watu wapone na merikebu ipotee. Haikusema kazi ya chombo iachwe.

Soma kinachofuata. Usiku wa 14 mabaharia wanahisi nchi iko karibu. Wanapima kina: pima 20, kisha pima 15. Wanatia nanga nne, tena tezini, yaani nyuma ya chombo. Nanga za omo, yaani za mbele, zingekigeuza chombo kiukabili upepo, nao walitaka kukipandisha ufukweni moja kwa moja. Kulipokucha walizikata nanga, wakalegeza kamba za usukani, wakatweka tanga la mbele. Kazi hiyo ingefanywa na nani, askari? Wafungwa? Mabaharia walikuwa wameshashusha mashua wakisingizia kwenda kutia nanga za omo, na Paulo akalijua hilo, ndipo akamwambia akida. Kisha akawahimiza watu wote 276 wale chakula, maana walikuwa wamekaa siku 14 na njaa. Waliojua kuogelea walitangulia majini, waliobaki wakashika mbao na vipande vya merikebu. Hivyo ndivyo ahadi ilivyotimia: kwa mbao.

Kinachonichosha ni wahubiri wanaoanzia kwa malaika na kuruka mwanzo wa sura. Siku ya Mfungo wa Wayahudi ilikuwa imepita, yaani majira ya dhoruba yanakaribia, na Warumi walihesabu bahari kuwa imefungwa kwa safari kuanzia Novemba 11 hadi Machi 10. Pale Bandari Nzuri, Krete, Paulo alionya wasiendelee. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Aliyeonya alikuwa mtu aliyekwisha kuvunjikiwa na jahazi mara tatu na kukesha kilindini, kama alivyowaandikia Wakorintho (2 Kor 11:25). Au mara zote tatu imani iliyumba?

Mchezo huohuo wanaufanya kwa nyoka aliyemuuma Paulo Malta, kisiwa walichofikia, kana kwamba Paulo alimtafuta amshike. Alikuwa anaokota kuni!

Jaketi uvae. Na wale wanaopita mialoni wakiuza maji ya upako na vitambaa vya kufunga kwenye mtumbwi, wakidai ukifunga huwezi kuzama, hawana andiko. Wanachouza ni ujasiri wa kuingia ziwani siku ambayo wavuvi wazoefu wamebaki nchi kavu. Akija kwako mmoja wao, mwambie apande nawe mtumbwini usiku huo, tena bila jaketi.